Ampli yetu ya gitare: kwa nini hatukununua mpya

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Nianze na kosa langu. Katika barua ya kuomba msaada niliandika: ampli moja mpya ya gitare, dolari 350. Niliandika vile juu kila mara kikundi chetu kinapopiga ku ndoa ao ku matanga, ile ampli ya zamani inanguruma kupita gitare yenyewe, na solo inatoka nyembamba sawa mbu ndani ya kopo. Nikasema imekufa. Sikuifungua hata siku moja. Na ni ile ile iliyovuka ziwa pamoja na sisi kutoka Kigoma, imefungwa ndani ya blanketi, tulipotoka kambi ya Lugufu.

Aliyeifungua ni fundi wa radio wa hapa sokoni. Wengi munamujua. Yeye hakukimbia, alibaki hapa vita yote. Nitarudi kwa neno hilo, maana najua linawachoma wengine.

Kitu cha kwanza hakugusa ampli. Aliitoa ku konvertisa ya sola, akaiweka ku jenereta. Makelele yakapunguka mara moja! Zile konvertisa za bei ndogo hazitoi umeme laini, wimbi lake liko na kona kona, na ampli inasikia zile kona. Kumbe nusu ya ugonjwa haikuwa ya mgonjwa.

Nguruma iliyobaki ilitoka ku kondasateri mbili kubwa, zile zinazosafisha umeme kabla haujafika ku transista. Joto la miaka linazikausha. Za zamani zilikuwa mikrofaradi 4700, volti 50. Akaweka za kipimo kilekile, na upande wa kutoa akautazama mara mbili, juu ukizigeuza zinaweza kupasuka.

Halafu oparleri. Kuna mtu zamani aliweka ya gari, ya omu 4, wakati nyuma ya ampli kumeandikwa omu 8. Njo sababu ilikuwa inachoma mkono kisha nyimbo tatu. Oparleri ya omu 8 hatukuipata sokoni. Fundi akachukua mbili za omu 4, akazifunga moja nyuma ya ingine, ikawa 8. Tukapiga: besi hakuna! Mimi nikaona feza ya chama imeanguka majini. Yeye akacheka, akachukua pile moja ya radio, akagusisha ku waya za kila oparleri. Moja karatasi yake ilisukuma mbele, ingine ikavuta nyuma. Zilikuwa zinapigana, hii inasukuma hewa na ile inairudisha. Akageuza waya mbili tu, na besi ikarudi ndani ya nyumba.

Mwisho alibadilisha kondasateri moja ndogo pale gitare inapoingilia, kutoka mikrofaradi 0,01 kwenda 0,1. Ile ndogo ilikuwa inazuia sauti za chini. Sasa mi-solo inasikilika iko na mwili, haifichwi tena na solo. Mupiga gitare wetu alitaka abadilishe na ingine, na ingine. Fundi akakataa, akasema sikiliza kwanza juma moja.

Neno la hatari, vijana munisikie. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa, njo maana mikro ilikuwa inauma midomo ya mwimbaji. Umerudishwa, na chuma kimepigwa chini karibu na jenereta. Asiuguse mtu. Na mwenye ampli ya malampi asijaribu haya peke yake: ndani mule munapita volti 300, na umeme unaweza kubaki ndani hata ukiisha kuitoa ku prizi.

Hesabu: oparleri mbili dolari 24, kondasateri na vidogo vingine 6, kazi ya fundi 30. Jumla 60. Zimebaki 290, ziko kwa mama mutunza feza, na karatasi zote ziko.

Sasa lile neno. Wamoja walisema: feza ya warudi inalipwaje mtu asiyekimbia? Sheria yetu inasema kazi ya malipo ianze kwa wanachama. Ni kweli, na niliuliza wanachama kwanza. Hakuna aliyejua kufungua kile kisanduku. Lakini sikuwaletea jambo hili mbele ya kulipa, na hapo munaweza kunishitaki. Kwa mawazo yangu, mtu ambaye nyumba yake iliungua akiwa ndani hatudai karatasi ya kambi. Wale wasiokubali wasimame leo waseme, tusiseme njiani.

Fundi anakubali kufundisha vijana wawili, bila kujali ni warudi ao la. Hataki malipo, anataka radio zilizokufa za kufanyia mazoezi. Mwenye nayo ailete Jumamosi. Na kuhusu zile 290, barua ya kuuliza wafadhili iko tayari. Itaondoka mukiisha kupiga kura.