Malaria Isiyo na Homa kwa Mama Mwenye Mimba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bungoma)



Nimeombwa niseme juu ya homa wakati wa mimba. Najua wako wanaume hapa wanaoona kwamba haya ni mambo ya wanawake, nao wanangoja habari za mishahara. Na wangoje kidogo, maana habari za mishahara zimo katika neno hili hili.

Kila mtu wa Bungoma anaijua malaria: baridi, kutetemeka, kichwa kuuma, kutapika, kisha jasho. Kwa hiyo mume akimwona mke wake mwenye mimba anakwenda kupalilia miwa asubuhi wala hatetemeki, husema, "Huyu ni mzima." Hapo ndipo tunapokosea. Katika sehemu hizi zetu zenye mbu mwaka mzima, mama aweza kuwa na malaria mwilini na asishikwe na homa hata siku moja.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyekulia hapa ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana na vijidudu vya malaria. Lakini mwanamke akishika mimba, ndani yake huota kitu kipya, nacho ni kondo la nyuma linalomlisha mtoto tumboni. Vijidudu hunata humo, vikakaa kwa wingi mahali pale pale ambapo damu ya mama hupitisha chakula cha mtoto. Hata damu ya kidole ikipimwa, mara nyingine havionekani, kwa kuwa vimejificha. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, maana mwili haujapata kuvijua vijidudu vya namna hii.

Basi homa haipo, lakini damu ya mama inapungua siku kwa siku. Anachoka, viganja vinakuwa vyeupe, anahema akipanda mlima mdogo, na nyapara anamwita mvivu. Siku ya kuzaa akitokwa na damu nyingi, hana akiba. Mtoto naye huzaliwa kabla ya siku zake, au na uzito chini ya kilo 2.5, na watoto wa namna hiyo hufa kwa wingi kuliko wenzao. Wengine huzaliwa wamekufa.

Mimi mwenyewe katika mimba yangu ya kwanza sikulala kitandani kwa homa hata mara moja, nikajivuna. Mtoto alizaliwa mdogo sana, akakaa nasi siku nne. Wazee nyumbani walisema nimetazamwa kwa jicho baya. Sikuwa na la kuwajibu wakati ule.

Wenzetu wa Kitale mambo yao ni mengine. Kule ni juu, kuna baridi na mbu ni wachache, basi mwili haukujifunza kupigana. Mama wa Kitale akija huku kumtembelea mumewe kambini, akaumwa na mbu, homa humpanda kwa nguvu, iwe ni mimba ya kwanza au ya tano. Mimba yaweza kutoka, na mama mwenyewe aweza kufa. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile, si kesho baada ya mshahara. Tena apimwe, asinunuliwe tembe dukani kwa kubahatisha, maana homa yaweza kutoka katika njia ya mkojo, au mapafu, au homa ya matumbo, au maziwa mabichi, na kila moja ina dawa yake. Amwambie daktari mimba ni ya miezi mingapi.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Wataalamu waliochunguza huko Gambia, wakachapisha habari zao mwaka wa 2000, waliona kwamba mbu wa malaria huvutwa na mwanamke mwenye mimba mara mbili kuliko asiye na mimba. Pumzi zake ni nyingi zaidi na tumbo lake lina joto zaidi. Tena usiku hutoka nje ya chandarua mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kwa hiyo bwana anayejifunika chandarua peke yake kwa sababu yeye ndiye anayeamka mapema, na afikiri tena.

Dawa ya kukinga iko. Kliniki za Bungoma humpa mama tembe 3 za SP, azimeze pale pale mbele ya muuguzi. Huanza mimba ikipita miezi mitatu, akarudia kila mwezi mpaka azae. Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka wa 2012 lataka apate angalau mara 3. Anayekunywa Septrin kila siku hapewi hiyo, basi na aseme. Chandarua hupewa siku ya kwanza ya kliniki.

Sasa nafika kwenye mishahara. Dawa hii hupewa mtu anayejiona mzima, na mtu mzima akikosa kazini hukatwa siku. Kibarua anayelipwa kwa mistari aliyopalilia hupata sifuri siku ya kliniki. Mara ya kwanza huenda, mara ya pili huenda, mara ya tatu hubaki shambani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu na mshahara kamili akijifungua. Kifungu cha 30 kinampa mgonjwa siku zake. Lakini huyu wa kliniki hajajifungua wala si mgonjwa, nyapara atampa ruhusa kwa kifungu gani?

Bwana Katibu, naomba iandikwe katika kumbukumbu za leo kwamba mkataba wa pamoja utakapofunguliwa tena, tudai siku 1 ya kliniki kila mwezi kwa kila mama mwenye mimba, vibarua wakiwemo, bila kukatwa. Kitabu cha kliniki chenye muhuri kiwe ndio ushahidi. Mwenye kuunga mkono na ainue mkono.