Treni Ipi Inasimama Makueni?

Tangu Madaraka Express ianze safari tarehe 31 Mei 2017, wengi huziona treni zikipita na kudhani zote ni moja. Sivyo. Shirika la Reli la Kenya lina treni ya moja kwa moja na treni ya kaunti, inayoondoka Nairobi na Mombasa saa mbili asubuhi. Hii ya asubuhi ndiyo husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Mzazi anayerudi Kibwezi kutoka hospitalini Mombasa akikata tiketi ya moja kwa moja, atapitishwa kwao hadi Syokimau, kisha alipe basi kurudi.

Kilio kikubwa kiko Makindu. Mji huo ulikuzwa na reli ya zamani. Hata hekalu la Masingasinga la 1926 lilijengwa na wafanyakazi wa reli. Reli mpya haina kituo cha abiria hapo. Abiria wake hupanda matatu kwanza hadi Kibwezi au Emali, na nauli hiyo ihesabiwe mapema.

Tiketi hulipiwa kwa M-Pesa, na kitambulisho kinahitajika. Mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, kwa hiyo anayefika treni ikiingia amechelewa.