Panga Mbele ya Nyumba Kabla ya Mvua

(Mazungumzo na akina mama, akina baba na vijana wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Machakos, mwezi wa Februari)



Sasa ni Februari. Nje ni vumbi tupu, mbuzi wanatafuta majani hawapati. Wengine watauliza, "Bustani gani wakati huu? Si tungoje mvua?" Mimi nasema wakati wa kupanga ndio huu. Mvua ikianza mwisho wa Machi kila mtu atakimbilia mahindi na maharagwe, na mbele ya nyumba patasahauliwa.

Sisi wa Ukambani tunajua mvua ya Machi hadi Mei si ya kutegemewa kama ile ya Oktoba hadi Desemba. Tena tumejionea. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, sehemu nyingi kavu za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Halafu Aprili na Mei 2024 yakaja mafuriko. Ekari moja ya mahindi huwezi kuiokoa kwa ndoo. Lakini kitalu kilicho hatua kumi kutoka mlangoni unaweza. Hapo maji ya kuosha vyombo humwagwa kila siku. Shamba likikauka, mboga ya watoto ya jioni inaweza kutoka hapo.

Kwanza, keti na mzee wako. Katika boma nyingi mama anataka sukuma wiki, baba anataka wageni waone maua na uwanja uliofagiliwa. Msigombane. Chukueni kijiti mchore chini: mlango, njia, tangi, kamba ya nguo. Maua yakae kando ya njia, mboga nyuma yake. Halafu muulizane: nani atamwagilia? Kama jibu ni yule msichana, kila asubuhi kabla ya shule, huku kaka yake amelala, basi mpango huo si wa haki. Gawanyeni siku.

Pili, angalieni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina mita 30 mraba. Mvua ya milimita 10 tu inakupa lita 300. Hata kama nyingine itamwagika, utajaza zaidi ya mitungi kumi ya lita 20. Kwa hivyo tengenezeni mfereji wa bati sasa, si siku ya mawingu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ule uwanja tunaoufagia mpaka unang'aa? Mvua kubwa ikinyesha, maji yanateleza hadi langoni na udongo wetu unakwenda nayo. Pale penye mteremko, chimbeni mtaro mdogo wa kukinga maji, mtupe udongo upande wa juu, kama tunavyofanya kwenye matuta ya fanya juu. Pandeni juu ya tuta hilo.

Tatu, angalieni jua, kwa maana Februari inadanganya. Veranda inayotazama kusini inapata jua sasa. Lakini kuanzia mwisho wa Machi jua linahamia kaskazini, na veranda hiyo itakuwa kivulini mpaka Septemba. Hapo wekeni dania na mnanaa. Sukuma, terere na managu zinataka jua la kutosha, muda wa saa sita kwa siku, basi zipelekeni upande wa kaskazini au mahali pa wazi.

Nne, anzeni miche mapema. Mbegu ya sukuma ikimwagwa kwenye kitalu katikati ya Februari, miche iko tayari baada ya wiki nne hadi sita, yaani mvua inapofika. Funikeni kitalu kwa nyasi mpaka zimee. Kunde haihitaji kitalu. Ipande mvua ikianza, na baada ya wiki tatu au nne utachuma majani.

Ninyi mnaopanga vyumba sokoni, msiseme hamna shamba. Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, mtafute gunia. Changanya karai mbili za udongo na moja ya mbolea ya boma iliyooza vizuri. Simamisha mkebe usio na kitako katikati, ujaze mawe, uweke udongo pembeni, halafu uvute mkebe juu na kujaza tena. Maji yatapita kwenye mawe hayo hadi chini. Toboa mashimo ubavuni na upande miche. Maji ya vyombo yanafaa, lakini yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike kabisa.

Tano, usalama. Maziwa ya mnyaa yanaweza kuharibu macho ya mtoto, kwa hivyo usiwe karibu na mahali pa kuchezea. Oleanda ina maua mazuri lakini ni sumu, majani hata maua. Na sahani chini ya mikebe zimwagwe kila wiki, maana yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi na nne. Tusipande maua tukavuna mbu.

Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', alituita tuitunze dunia kama nyumba yetu sote. Dunia ni kubwa. Tuanze na hatua kumi kutoka mlangoni.

Kazi ya wiki hii: kila nyumba ichore mpango wake, na kila mtu alete konzi moja ya mbegu kwenye jumuiya tugawane. Mjane asiye na mbegu apewe kwanza. Na yule asiye na nguvu za kuchimba, vijana mmenisikia, Jumamosi tutakutana kwake na majembe.