KIWANGO KIMOJA, MIZIGO MIWILI
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Kijana wetu aliyeko Marekani hupiga simu: "Baba, nimepata kazi ya dola 3,000 kwa mwezi." Nyumbani vigelegele! Mwezi ukiisha, zinazomfikia mkononi ni dola 2,400 na kidogo. Wazee huuliza: nyingine kala nani? Leo tuzihesabu, maana asiyejua kuhesabu kodi hawezi kutetea haki yake.

Tumchukue mfanyakazi asiye na mke wala mtoto katika jimbo la Illinois, penye mji wa Chicago, kwa hesabu za mwaka 2024. Kwa mwaka hupata dola 36,000. Serikali Kuu ya Washington humkata kodi ya mapato kama dola 195 kwa mwezi. Mafungu ya pensheni na ya matibabu ya wazee huchukua dola 229 na nusu. Kisha jimbo nalo hutoza 4.95 kwa mia. Husamehe dola 2,775 tu za mwaka mzima; zilizobaki zote hutozwa. Hizo ni dola 137 kwa mwezi. Hubaki na dola 2,438 na nusu.

Sasa sikilizeni. Kodi ya Washington hupanda ngazi: mwenye pato kubwa hutozwa kiwango kikubwa. Kodi ya jimbo haipandi. Bwana mwenye dola 360,000 kwa mwaka naye hutozwa 4.95 kwa mia. Hata ule msamaha mdogo hapewi, naye hulipa dola 17,820.

Mtasema: "Si haki hiyo? Kalipa nyingi." Ni kweli. Wala kodi hii si sawa na kodi ya kichwa ya ukoloni, iliyodai shilingi zile zile kwa mwenye mbuzi mmoja na mwenye zizi. Lakini uzito wa kodi hupimwa kwa kile kinachobaki. Dola 137 za mfanyakazi ni chakula cha watoto wa ndugu zake. Yule bwana, akishalipa jimbo, hapungukiwi hata kijiko cha wali.

Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 hairuhusu ngazi. Kwa hiyo, Julai 2017, jimbo lilipohitaji fedha, kiwango kilitoka 3.75 kikawa 4.95 kwa wote. Kila dola 1,000 zinazotozwa zilikatwa dola 12 zaidi, ziwe za mfagiaji au za tajiri. Novemba 2020 wapiga kura waliulizwa kama katiba ibadilishwe, hoja ikashindwa. Waliopinga walisema kwamba kiwango kimoja ni rahisi kuhesabu, na kwamba serikali ikipewa ngazi, kesho itawapandishia watu wa kati. Hofu hiyo tusiicheke. Serikali inayotaka kodi ya haki sharti kwanza iaminiwe na raia.

Ndugu zangu, Tanzania kodi ya mshahara hupanda ngazi. Akija mtu kutusifia kiwango kimoja kwa wote, tusimzomee. Tumwulize swali moja tu: ukishakata, mnyonge anabaki na nini mkononi? Na kila mmoja wetu mwezi huu aisome karatasi yake ya mshahara, mstari kwa mstari.

Uhuru na Kazi!