KAFYU NA MLANGO WA NYUMBA

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetutuma tuseme juu ya jambo ambalo katika mikutano yetu halisemwi. Tumezoea kusema juu ya mishahara, malipo ya saa za ziada, na msimamizi mwenye matusi. Leo twataka kusema juu ya wanawake wanaopigwa nyumbani, na jinsi mambo hayo yalivyokuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Tafadhali, wanaume mliosimama karibu na mlango msitoke. Habari hii ni yenu pia.

Mwakumbuka jinsi ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, kisha makanisa na misikiti. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Mwezi wa Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Mahoteli ya Pwani yalifungwa, na mashamba ya maua ya Naivasha yaliwarudisha watu makwao kwa maelfu, kwa maana soko la Ulaya lilianguka. Wengi wetu tulipewa likizo bila malipo. Serikali ilisema: kaeni nyumbani. Hatuilaumu kwa hilo, ugonjwa ulikuwa ukiua watu. Lakini amri ile ilidhani kwamba kila nyumba ni mahali pa salama.

Sisi twajua nyumba tunazokaa. Chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi, baba, mama na watoto wanne wasiokwenda shule. Mabaa yamefungwa, basi pombe inanyewa pale pale kitandani. Kodi inadaiwa. Mwenye tabia ya kupiga sasa yuko nyumbani mchana na usiku, na mke wake hana pa kwenda.

Hatusemi kwamba korona ndiyo iliyomfundisha mtu kupiga. Wengi waliopiga mwaka ule walikuwa wakipiga tangu zamani. Ugonjwa ulifanya kazi nyingine: ulifunga njia za kutorokea. Zamani mwanamke alitoka asubuhi kwenda kazini, na kwa saa nane alikuwa mbali na mkono ule. Pale kwenye mashine alikuwa na mwenzake wa kuliona jicho lililovimba na kuuliza. Mwisho wa mwezi alikuwa na mshahara wake, hata kama ni mdogo, wa kumlipia nauli ya kwenda kwa mama yake. Ghafula kazi hakuna, mshahara hakuna, nauli ya matatu imepanda kwa sababu abiria wamepunguzwa, na kwao kuko ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Na usiku, wakati wa kupigwa kwenyewe, kutoka nje ni kosa la sheria.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuseme yaliyompata, ila jina lake tusilitaje. Ni mshonaji wa nguo. Usiku mmoja mwezi wa Mei alikimbia nyumba saa tatu, akasikia askari wakipita barabarani, akaogopa kwenda mbele na akaogopa kurudi nyuma. Alikaa ndani ya choo cha ploti mpaka alfajiri, na mtoto mgongoni. Kiwanda kilipomwita tena kazini alikosa siku mbili kwa ajili ya maumivu, akapewa barua ya kufukuzwa. Alikuja kwetu ofisini. Tulimwambia nini? Tulimwambia hayo ni mambo ya nyumbani, chama hakiingii. Ndugu zangu, tulisema hivyo sisi, si mwajiri.

Wala hakuwa peke yake. Mwezi wa Aprili 2020 Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki, likiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, lilitangaza kwamba kesi za kunajisi na kubaka zinaongezeka, na kwamba mara nyingine mwenye kosa ni jamaa au mtu anayeishi na aliyetendewa. Nambari ya simu ya msaada, 1195, ilipata simu 86 mwezi wa Februari, na zaidi ya 1,000 mwezi wa Juni. Tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi ufanywe. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mwaka wa 2022 hesabu ya Serikali ya afya ya jamaa ilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 34 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu kutimiza miaka 15. Basi tuangalie walioketi hapa, kila mtu ahesabu mwenyewe.

Mwanaume mmoja alituambia katika kamati: alikuwa na hasira, amepoteza kazi. Tulimjibu kwamba mke wake pia alipoteza kazi, na hakumpiga mtu.

Kuna mambo ya kujua. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia ukimwi. Asioge kwanza, na nguo zake azifunge kwa karatasi, si kwa mfuko wa plastiki. Polisi wampe fomu ya P3. Iko pia sheria ya mwaka wa 2015 ya kulinda watu na ujeuri wa nyumbani, ambayo kwayo mahakama yaweza kumwamuru mwenye kupiga akae mbali.

Na kwa upande wa kazi, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mapatano Nambari 190 mwaka wa 2019, pamoja na mashauri yanayotaja likizo kwa aliyepigwa nyumbani na kumlinda asifukuzwe kwa ajili hiyo. Kamati yataka hayo yaingie katika mapatano yetu yajayo na waajiri. Twataka na neno moja zaidi: kazi ikisimama tena kwa ajili ya ugonjwa, pesa yoyote itakayolipwa mwanamke ipelekwe kwa simu yake mwenyewe, si kwa simu ya mume.

Yule mshonaji amekubali tuifufue kesi yake. Katibu anayo barua. Wawakilishi wa kila idara wabaki baada ya mkutano, tuchague wanawake wawili na mwanaume mmoja watakaokwenda naye Jumatatu.