MBUZI WA MAMA NAO WAPATE PA KULALA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Neno letu la leo si la mshahara wala la saa za kazi. Ni la nyumbani, na wengi wetu tumezoea kusema ya kwamba ya nyumbani hayaletwi mkutanoni. Lakini mwenzetu akiumia kazini twamchangia, na mama akipigwa na mumewe twafunga dirisha. Hapo twakosa.

Mwaka jana mke wa mfanyakazi mwenzetu alipigwa usiku. Tulimtafutia chumba mbali na kwake. Siku ya tatu akarudi nyumbani, nasi tukacheka, tukasema, huyu apenda mbuzi kuliko roho yake. Maana alikuwa amerudi kuwapa maji mbuzi wake wanne. Mumewe alikuwa akimngoja, akamvunja mkono. Tulipokwenda kumwona hospitali alituambia, "Wale mbuzi ndio karo ya watoto. Aliniapia nikiondoka atawachinja mmoja mmoja." Tuliona haya. Tulikuwa tumemficha mama, tukaiacha kamba aliyofungwa nayo.

Si kwetu tu. Huko Uingereza, chama cha Dogs Trust kilianza mwaka wa 2004 kuwatunza mbwa wa watu wanaokimbia mateso nyumbani. Mbwa hukaa na watu wa kujitolea mpaka mwenyewe apate makao. Sisi wengi hatuna mbwa wa sebuleni, lakini tuna mbuzi, kuku na ng'ombe, na kazi ni ile ile.

Hata sheria yetu iko. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka wa 2015 yahesabu kuharibu mali na kutisha kuwa ukatili, si kipigo peke yake. Mahakama yaweza kumpa mama amri ya ulinzi. Tena polisi anayepokea mashtaka yampasa kumweleza mama misaada iliyopo, pamoja na mahali pa kujisitiri. Simu ya msaada ni 1195, nayo hailipishwi.

Basi twaomba tawi lifanye haya:

Kwanza, mama akija kwetu tumwulize mapema, "Umeacha nani nyumbani?" Tuwataje watoto, kisha wanyama. Asione haya kusema.

Pili, wapatikane wanachama wenye zizi au banda watakaopokea wanyama kwa muda. Wasiwekwe pale alipo mama, maana mume atafuata mbuzi na kumfikia mke. Na anayewatunza asitangaze.

Tatu, wanyama waandikwe: idadi, rangi na alama za masikio, mbele ya mashahidi wawili, ili kesho isisemwe chama kimeiba. Kama ni mbwa, cheti chake cha chanjo kichukuliwe.

Nne, mbuzi au ng'ombe wakivushwa kwenda kaunti nyingine, kwanza tupate kibali cha afisa wa mifugo. Tusimwokoe mama huku tukivunja sheria.

Tano, asiende mtu mmoja kuwachukua. Tukiona hatari, twende na polisi. Wala mama mwenyewe asirudi.

Neno la mwisho ni gumu, lakini tutalisema. Hao wanaopiga si wageni. Wanakaa katika viti hivi, wanalipa ada kama sisi, na wengine ni marafiki zetu. Mwenye shida ya kazi tutamtetea mpaka mwisho. Lakini asije mtu kutuomba tumfiche kwa sababu amempiga mkewe. Kwa jambo hilo mlango wa ofisi yetu uwe wazi kwa mama, na zizi letu liwe wazi kwa mbuzi wake.

Yule mama yuko salama sasa. Mbuzi aliopata tena ni wawili. Wale wengine wawili tulichelewa.

Umoja ni nguvu.