Miaka 50: Kuachia Nafasi si Kuacha Kwaya

 

Nimeombwa niseme machache kwa sababu mimi na kwaya hii ni rika moja. Mwaka huu kwaya imetimiza miaka 50, nami nimetimiza miaka 50. Tofauti ni kwamba kwaya imeshonewa sare mpya, na mimi nimenunua miwani ya kusomea.

Tukisikia neno yubile, wengi wetu tunawaza hema, keki na pilau. Si vibaya, na leo tutakula. Lakini neno lenyewe linatokana na neno la Kiebrania la pembe ya kondoo dume. Ukisoma Mambo ya Walawi sura ya 25, utaona pembe ilipopigwa katika mwaka wa 50 mambo matatu yalifuata. Ardhi ilipumzishwa. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa yake. Na shamba lililouzwa lilirudi kwa familia yenye urithi huo. Yaani yubile ni mwaka wa kuachilia. Ulichokuwa umekishika kwa muda, unakirudisha.

Basi nilipofikisha miaka 50 nilijiuliza: mimi nimeshika nini?

Ndugu zangu, nimeshika sauti ya kwanza tangu nikiwa msichana wa shule. Krismasi na Pasaka, beti za mtu mmoja zimekuwa zangu mwaka baada ya mwaka. Lakini sauti inabadilika. Wanawake wengi tukifika umri huu mwili hubadilika, na nyuzi za sauti nazo huwa nzito, sauti ikashuka. Si dhambi, si upungufu wa maombi, wala hakuna aliyekuroga. Noti za juu zimekuwa mlima kwangu, na zile za chini zinatoka vizuri kuliko zamani. Kwa hivyo nawatangazia leo, mbele ya mchungaji, kwamba kuanzia Jumapili ijayo nahamia sauti ya pili. Zile beti nimeshazikabidhi kwa msichana mmoja wa kwaya yetu, na mtamsikia leo alasiri. Akina baba wa besi, msicheke. Zamu yenu inakuja.

Nasema haya hadharani kwa sababu nimeona watu wa rika langu, katika makwaya mengi, wakipita njia mbili zisizofaa. Mmoja hung'ang'ania kipaza sauti mpaka waumini waanze kutazamana. Mwingine hukunja sare yake kimya kimya, akaketi viti vya nyuma, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuimba. Wote wawili hutupotezea kitu.

Iko njia ya tatu. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 8, Walawi walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25. Walipofika miaka 50, waliachishwa ile kazi. Serikali yetu humngoja mtumishi wake mpaka miaka 60, lakini Mungu alisema 50! Hata hivyo hawakufukuzwa hemani. Waliambiwa wabaki na ndugu zao, wawasaidie katika ulinzi. Mzigo waliuachia, lakini mahali pao palikuwa palepale.

Sisi wa miaka 50 tulinde nini? Nitawaambia jambo moja. Mwalimu wetu wa kwanza, ambaye sasa amelala katika Bwana, alibandika karatasi ndefu ya solfa ukutani, akatuonyesha kwa fimbo: do, re, mi. Ukikosea, mnarudia wote. Siku hizi mtu anarekodi sauti ya tatu kwa simu, anaituma kwa kikundi, na wenzake wanajifunza wakiwa ndani ya matatu. Ni jambo jema, tena la haraka. Lakini simu inakufundisha wimbo mmoja. Solfa inakufundisha kusoma wimbo ambao hujawahi kuusikia. Leo katika kwaya yetu wanaosoma solfa bila kubahatisha ni wachache, na karibu wote wamepita umri huu wangu. Tukikunja sare zetu, tutakuwa tumeikunja na solfa humo humo.

Kwa hivyo, pamoja na kuhamia sauti ya pili, nimeomba ruhusa ya mwalimu wa kwaya. Kila Jumamosi, saa moja kabla ya mazoezi, nitakuwa pale mbele na karatasi ya solfa. Nawaomba wa rika langu tusaidiane.

Na ninyi vijana wetu, mkitaka kutushukuru, zawadi ya leo tunaipokea kwa furaha, lakini njooni Jumamosi. Katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 25, waimbaji wa hekalu walihesabiwa wakawa 288, na zamu zao zikapigiwa kura bila kubagua mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Hata sisi tutajifunza kwenu. Mtatufundisha kutumia hizo simu, na mtatuvumilia tukiuliza mara ya nne.

Kwaya yetu haikufika miaka 50 kwa sababu ya mtu mmoja kuimba miaka yote hiyo. Imefika kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu wa kuachia na mtu wa kupokea. Mungu atupe neema ya kufanya yote mawili kwa moyo mweupe.